Somo la Tawi: Mwenye Usonji Akiwa Mtu Mzima. Mafao, Shamba na Makao ya Kulelewa



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, likizo, ajali za kazini na pensheni. Somo la safari hii linahusu jambo ambalo halimo katika mikataba yetu mingi, lakini limo ndani ya nyumba zetu. Ni mtoto wa mfanyakazi aliyezaliwa na usonji, ambaye sasa si mtoto tena. Ana miaka 25, au 35. Wazazi wake wamezeeka. Leo anakula kwa mshahara wa baba au mama. Kesho atakula kwa pensheni. Na keshokutwa, mwenye pensheni akifariki, atakula kwa nini, na atalala kwa nani?

Swali hili linaulizwa Ryansoro, kama linavyoulizwa Bujumbura, Kigoma na Nairobi. Wengi wetu hulikimbia. Husema, "Mungu atajua." Mungu anajua, lakini ofisi ya pensheni haijui mpaka ipelekewe karatasi. Basi somo hili lisomwe katika tawi, sehemu moja moja, na maswali ya mwisho yajadiliwe kabla ya watu kutawanyika.

1. USONJI NI NINI

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa njia yake tangu utotoni. Mwenye usonji huona, husikia na hufahamu mambo kwa namna isiyo ya wengi. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri na wamesoma hadi chuo kikuu. Wengi hupenda siku iende kwa utaratibu ule ule: njia ile ile ya kwenda kisimani, sahani ile ile, saa ile ile ya kula. Utaratibu ukivunjwa ghafla huumia, na maumivu hayo watu wa nje huyaita ukaidi au wazimu. Kelele za soko, mwanga mkali au nguo inayokwaruza inaweza kumtesa kama jino linavyotutesa sisi. Baadhi yao wana kifafa pia, na hao wanahitaji dawa ya kifafa kila siku bila kukosa. Usonji wenyewe hauambukizi, wala hauna dawa ya kuuondoa.

Jina hili la kitabibu si la zamani sana. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wengi wa huko waliwalaumu akina mama, wakisema kwamba mama asiye na upendo ndiye anayemfanya mtoto awe hivyo. Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kuipinga hoja hiyo, na leo imetupwa kabisa. Tunalisema hili kwa sababu hata kwenye vilima vyetu mama ndiye anayelaumiwa kwanza: amelaaniwa, alikanyaga dawa, alikosa heshima kwa wakwe. Kumbe hata wenye hospitali kubwa waliwahi kusema uongo wa namna hiyo hiyo, kwa maneno ya kisomi.

Wengine husema usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha uchunguzi alioufanya katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika, na aliwakuta watoto wenye usonji katika vituo alivyovitembelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kolini yenye watu 2,000 ingeweza kuwa nao wapatao 16. Hatuwaoni kwa sababu wengi hawajaandikwa popote, na wengine wamefichwa nyuma ya nyumba.

2. MFANO WA KUFUNDISHIA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila mwanachama atakuta ndani yake kitu anachokijua.

Mwalimu wa shule ya msingi anaishi kwenye kolini moja ya Ryansoro, mahali palipokuwa komini ya mkoa wa Gitega mpaka mpango mpya wa mikoa 5 na komini 42 ulipoanza kutumika mwaka 2025. Amebakiza muda mfupi kustaafu. Mke wake analima. Mtoto wao wa tatu, mwanamume, ana miaka 28. Anasema maneno machache tu. Anachota maji, anachagua maharagwe bila kuacha hata moja lililooza, na anachunga mbuzi wanne kwa njia ile ile kila siku. Wageni wakijaa nyumbani anajiuma mkono. Usiku mama yake hulala karibu na mlango, kwa kuwa kijana huweza kuondoka na kutembea mpaka barabarani.

Baba alipougua wiki tatu, ukoo ulikutana. Baba mdogo akasema, "Kaka, umechoka. Mpeleke kwa masista wamlee."

Mama akajibu, "Shemeji, ukimpeleka mahali asipopajua atadhani tumekufa sote siku moja."

Mtoto wa kwanza, anayefanya kazi Bujumbura, akasema, "Baba, nitamchukua mimi." Lakini anakaa chumba kimoja cha kupanga, mke ana mimba, na yeye hutoka alfajiri kurudi usiku.

Mushingantahe mmoja mzee alikuwa amenyamaza. Akauliza, "Yeye mwenyewe mmemwuliza?"

"Mzee, hasemi."

"Hasemi kwa mdomo. Mbuzi anajua kuwarudisha. Mmemwonyesha hayo makao, mkamtazama anavyofanya akiwa huko?"

Hakuna aliyejibu. Kikao kiliisha bila uamuzi, na baba alipopona kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Hapo ndipo familia nyingi huishia: jambo linaahirishwa mpaka siku ya msiba, na siku ya msiba ndiyo siku mbaya kuliko zote za kuamua.

Sisi tusingoje siku hiyo. Tuangalie mambo matatu ambayo kikao kile hakikuyagusa: fedha, shamba, na makao yenyewe.

3. FEDHA: NANI ANALIPWA, NA MALIPO HUKATIKA WAPI

Burundi hatuna posho ya serikali ambayo kila mwenye ulemavu hupewa kila mwezi kwa haki yake. Kwa hiyo mkate wa mtu kama kijana huyu hupitia mikononi mwa mtu mwingine. Tuitazame mikono hiyo.

Mkono wa kwanza ni pensheni ya mzazi. Taasisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, INSS, ilianzishwa mwaka 1962 kwa wafanyakazi wa mkataba. Mfanyakazi akifariki, wapo warithi wanaolipwa: mjane na yatima. Yatima wa kawaida hulipwa mpaka umri fulani, kisha malipo husimama. Je, yatima asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu? Mkataba Na. 128 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1967, unaohusu mafao ya ulemavu, uzee na warithi, unamtaja mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu au udhaifu unaomzuia kufanya kazi yoyote ya kipato, na unamwekea umri wa juu zaidi kuliko mtoto wa kawaida, kwa masharti ya nchi. Maana yake, neno hili si ombi la huruma. Limeandikwa katika sheria za kazi za dunia zaidi ya nusu karne sasa.

Lakini sheria haisomi mioyo. Ofisi itauliza: huyu ni mtoto wako kwa karatasi gani? Ulemavu wake ulianza lini, na nani alithibitisha? Mzazi akipeleka cheti cha daktari wakati mtoto ana miaka 30, ni vigumu kuonyesha kwamba alikuwa hivyo tangu utotoni. Mzazi akifariki bila kupeleka chochote, mama mjane asiyejua Kifaransa ndiye atakayesimama dirishani. Kwa hiyo kila mwanachama mwenye mtoto wa namna hii aende ofisini akiwa hai na akiwa kazini, aulize kwa maandishi, na adai jibu kwa maandishi.

Mkono wa pili ni matibabu. Mutuelle ya watumishi wa serikali ilianza mwaka 1980, na mtumishi huandikisha watoto wake. Swali ni lile lile: akivuka umri wa utoto, dawa zake za kifafa atazilipa nani? Ulizeni mapema. Kwa familia zisizo na mutuelle ipo kadi ya CAM, iliyofufuliwa mwaka 2012.

Mkono wa tatu ni misaada ya kaya. Mradi wa Merankabandi, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, katika awamu yake ya kwanza ulizilipa kaya maskini za Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi faranga 20,000 kwa mwezi. Fedha ile ilikuwa ya kaya. Mwenye ulemavu akihamishwa kwenda kwa ndugu au kwenye makao, fedha ya kaya haimfuati.

Tuangalie nchi nyingine tujifunze. Kenya ilianza mwaka 2011 kuzilipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na malipo yamekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, yakipokelewa na mlezi. Ni jambo jema. Lakini mlezi akifa, mtu hubaki na haki isiyo na mkono wa kuipokea mpaka mlezi mpya aandikishwe.

Afrika Kusini humlipa mwenye ulemavu mwenyewe. Akiingia katika makao yanayogharamiwa na serikali, kuanzia mwezi wa nne posho yake hushushwa hadi robo. Uingereza, ambako Warundi na Wakongomani wengi sasa wanaishi na wengine hufanya kazi katika makao hayo hayo, hesabu ni ya namna hiyo. Mtu mzima mwenye usonji akihamia makao yanayolipiwa na halmashauri ya mji, sehemu ya posho yake iliyo ya matunzo husimama baada ya siku 28. Sehemu ya kumsaidia kutembea huendelea. Mapato yake mengine yanaweza kuchukuliwa kuchangia gharama, lakini sheria inaamuru aachiwe fedha ya mfukoni: mwaka 2024/25 ilikuwa pauni 30.15 kwa wiki huko England.

Mnaona mambo mawili. Kwanza, katika nchi zote, anayemlisha mtu ndiye anayeifuata fedha yake. Pili, wenzetu wamepigania kwamba hata aliye kwenye makao abaki na kitu kilicho chake, cha kununulia sabuni anayoipenda au soda ya Jumapili. Mtu asiye na hata faranga moja yake mwenyewe ni mfungwa, hata kama mlango uko wazi.

4. SHAMBA

Kwa sisi wa vilimani, shamba ni pensheni ya pili. Hapa ndipo mwenye usonji huibiwa kimya kimya.

Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi ya ukoo, tunafuata mila. Kwa mila mtoto wa kiume anapata sehemu. Lakini ardhi ni ndogo, na ndugu wakigawana husema, "Huyu hatalima, hataoa, sehemu yake tutaishika sisi." Neno "kushika" likikaa miaka 5 huwa "yetu". Kisha wanakuja kuuliza kwa nini wamlishe mtu asiye na kitu.

Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imefungua njia ya kupata hati ya ardhi kwenye ofisi ya ardhi ya komini. Mzazi akiwa hai aifanye kazi hii: sehemu ya mtoto ipimwe, majirani na bashingantahe washuhudie, iandikwe. Kisha iandikwe pia nani atailima na atatoa nini kwa ajili ya mwenye sehemu: gunia ngapi za maharagwe, ndizi kiasi gani, nani anazipokea. Ndugu mwema hatakasirika kwa kuandikiwa. Ndugu atakayekasirika amewapa jibu mapema.

Shamba lililoandikwa humfaa hata akihamia makao. Linamfanya aende akiwa mtu mwenye mchango, na linampa mahali pa kurudi.

5. MAKAO

Tuseme wazi: kwa watu wazima wenye usonji, mzigo wa malezi katika nchi yetu umebaki kwa familia na kwa nyumba za dini. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge mjini Bujumbura, inayoongozwa na Mabradha wa Upendo, hutibu wagonjwa. Hospitali ni ya kutibu. Mtu akipata nafuu hurudi nyumbani. Usonji si homa ya kulazwa, kwa hiyo tusichanganye hospitali na makao.

Makao mazuri yapo namna mbalimbali. Kampala, mtaa wa Busega, ipo tangu mwaka 1990 jumuiya ya L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu wanaishi pamoja nyumba moja, wanapika na kufanya kazi. Namna hii ya watu wachache kuishi kama familia inamfaa zaidi mwenye usonji kuliko bweni la watu 60, kwa sababu ya kelele na sura ngeni.

Hata hivyo, hakuna nyumba takatifu isiyohitaji mlinzi. Jumuiya hizo zilianzishwa Ufaransa mwaka 1964 na Jean Vanier, aliyesifiwa dunia nzima. Baada ya kufa kwake, mwaka 2020, jumuiya yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake 6 wasio na ulemavu kwa miaka mingi. Walifanya vizuri kutangaza. Kwetu fundisho ni hili: usiseme "hawa ni watu wa Mungu, hakuna haja ya kuuliza." Huko Uingereza, mwaka 2011, televisheni ya BBC ilionyesha jinsi wenye usonji na ulemavu wa akili walivyopigwa na kutukanwa katika hospitali ya binafsi iitwayo Winterbourne View, karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walihukumiwa mwaka 2012. Serikali ilikuwa ikilipa fedha nyingi kwa kila mgonjwa. Fedha nyingi bila jicho la familia hazikumlinda mtu.

Fundisho kubwa kuliko yote limetoka Afrika Kusini. Mwezi Oktoba 2015 serikali ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba na makao ya Life Esidimeni kwa kusema inapunguza gharama. Mwaka 2016 watu zaidi ya 1,000 wenye magonjwa na ulemavu wa akili walihamishwa kwa haraka, wengi kwenda kwenye mashirika yasiyo tayari. Wengine walipandishwa magari bila karatasi zao na bila dawa za kutosha. Familia nyingine hazikuambiwa ndugu yao amepelekwa wapi. Watu 144 walikufa, wengine kwa njaa, kiu na baridi. Mwaka 2018 Jaji Dikgang Moseneke aliamuru serikali izilipe fidia familia zilizofika mbele yake. Ukweli huo ulitoka kwa sababu familia zilikataa kunyamaza, zikakutana, zikaandamana.

Angalieni vizuri: wale hawakufa kwa sababu ya makao tu, wala kwa sababu ya kutoka makao tu. Walikufa kwa sababu ya namna ya kuhamishwa. Haraka, bila karatasi, bila dawa, bila ndugu, bila kuulizwa.

6. NAMNA YA KUHAMIA, HATUA KWA HATUA

Haki ya mtu ndiyo mwanzo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, unasema katika kifungu cha 19 kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua anapoishi na anaishi na nani, na asilazimishwe kuishi mahali fulani. Burundi ina sheria yake pia, ya Januari 2018, ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo makao si jela ya kupelekwa, na nyumbani si jela ya kufungiwa. Yote mawili ni mahali pa kuishi, na mwenyewe ana neno.

Mtu asiyesema ana neno vipi? Mtazameni. Anakula? Analala? Anajiuma mkono zaidi au kidogo? Anashika mlango kutaka kutoka, au anakwenda mwenyewe kwenye kiti chake? Mama aliyemlea miaka 28 husoma majibu hayo kuliko daktari.

Hatua ni hizi:

a) Familia iandike daftari moja la mtu huyu. Anakula nini na hali nini. Analala saa ngapi. Anaogopa nini. Anapenda nini. Akikasirika hutulizwa vipi. Dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Daftari hili litamsemea siku ambayo mama hayupo.

b) Karatasi zikusanywe: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya daktari, barua za ofisi ya pensheni, hati ya shamba. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa mtu wa kuaminiwa nje ya nyumba.

c) Watembelee mahali hapo mara nyingi kabla. Mara ya kwanza saa moja, pamoja na mama. Mara ya pili mchana mzima. Kisha usiku mmoja. Asiambiwe uongo kwamba wanakwenda sokoni. Akidanganywa mara moja, hataamini safari nyingine.

d) Aende na vitu vyake: blanketi lake, kikombe chake. Kama kazi yake ni mbuzi au maharagwe, makao yaulizwe kama ipo kazi ya namna hiyo. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akikalishwa ukutani kutwa atadhoofika.

e) Maswali ya kuuliza makao: Watu wangapi chumba kimoja? Usiku analinda nani? Mtu akifanya fujo mnafanya nini. Mnafunga kwa kamba, mnafungia chumbani? Wafanyakazi wanalipwa, na hukaa muda gani? Familia inaweza kuja bila kutoa taarifa? Makao yanayokataa ziara ya ghafla yakataliwe.

f) Iandikwe nani anapokea fedha yake, kiasi gani kinakwenda makao, na kiasi gani kinabaki chake. Hesabu isomwe mbele ya ukoo mara mbili kwa mwaka.

g) Ziara zipangwe kwa majina na kwa mwezi. Mwezi huu kaka, mwezi ujao dada. Kazi ya wote huwa si ya mtu.

h) Mlango wa kurudi ubaki wazi. Baada ya miezi mitatu ukoo ukutane uulize: ananenepa au anakonda? Kama hafai, arudi, na isiwe aibu kwa mtu.

Na ikiwa familia imeamua abaki nyumbani, hatua a, b, f na g zinahitajika vile vile. Mama naye ni mtu wa kufa. Kumwachia yeye peke yake mpaka aanguke si upendo wa kifamilia. Ni kazi ya bure isiyo na likizo.

7. KAZI YA CHAMA

Mwingine atauliza, chama cha wafanyakazi kinaingilia nini mambo ya nyumbani? Tunajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, mfanyakazi anayelala macho mlangoni usiku kucha atakosea kazini mchana, na mwajiri atamwandikia barua ya onyo. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Hauzungumzii watoto wadogo peke yao, bali pia jamaa wengine wa karibu wanaohitaji kutunzwa. Basi tunapojadiliana na mwajiri tuweke madai: ruhusa ya kumpeleka mgonjwa wa nyumbani hospitali, zamu zinazopangwa mapema, na kutohamishwa ghafla kwa mfanyakazi anayemlea mtu wa namna hii. Mwalimu wa Ryansoro akihamishiwa Muyinga wiki ijayo, si yeye tu anayehama.

Pili, wanaolea kwenye makao ni wafanyakazi kama sisi. Mlezi asiyelipwa vizuri huondoka, akaja mwingine, akaondoka. Kwa mwenye usonji kila sura mpya ni mwanzo wa taabu upya. Kwa hiyo mshahara wa mlezi na usalama wa anayelelewa ni jambo moja. Wafanyakazi hao waandikishwe chamani, na wafundishwe kwamba kumficha mwenzao anayepiga watu si umoja.

Tatu, mtu mmoja akiandika barua ofisini hupewa kiti cha kungojea. Tawi likiandika, hupewa jibu. Kila tawi lichague mjumbe mmoja wa kuwasaidia wanachama wenye watoto walemavu kuandaa karatasi. Awe mtu anayeweza kutunza siri. Aanze kwa kuhesabu: wako wangapi katika tawi letu? Umri gani? Wangapi wana cheti cha kuzaliwa? Orodha hiyo ibaki chamani, isibandikwe ukutani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika tawi letu, ni mwanachama gani anayekaribia kustaafu akiwa na mtoto mtu mzima asiyeweza kujitegemea? Karatasi zake ziko wapi leo?

2. Katika mfano wetu, baba mdogo, mama na mtoto wa kwanza kila mmoja alitoa wazo. Kila wazo lina uzuri gani, na linaficha gharama gani, na ya nani?

3. Tawi likae liandike barua moja kwa ofisi ya pensheni kuuliza haki ya yatima mwenye ulemavu aliyevuka umri wa utoto. Nani ataandika, nani ataipeleka, na jibu litasomwa lini?

4. Makao gani yapo karibu nasi? Wajumbe wawili wayatembelee bila kutoa taarifa, walete habari ya waliyoyaona kwa macho, si ya waliyoambiwa.

5. Mwanachama akisema, "Kumpeleka makao ni kumtupa," tumjibu nini? Na akisema, "Kumweka nyumbani ni kumficha," je?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe katika daftari la tawi na yaletwe kwenye mkutano ujao wa wajumbe.